Utomvu wa Msufini

Leokadia Ntandu alifungua pipa la saba saa mbili na nusu asubuhi, akajikuta amerudi nyuma hatua mbili kabla hajajua kwa nini.

Haikuwa harufu ya kigumishi. Hiyo alishaizoea. Kigumishi cha epoksi hunuka kama samaki aliyesahaulika juani, na mtu akikifanyia kazi miaka kumi na mmoja, samaki huyo humfuata mpaka kwenye nguo za kanisani. Hii ilikuwa harufu nyingine: maziwa yaliyochacha, na chini ya maziwa, jasho. Kwapa la mtu.

Alivaa glavu, akachota utomvu kwa kikombe na kuuchuja kwenye chujio la waya mwembamba. Ulikuwa mweupe na mzito, ukiteremka kwa nyuzi ndefu zisizotaka kukatika. Kwenye chujio kilibaki kipande cha bandeji, kidogo kama ukucha, chenye doa la manjano. Pembeni yake ulilala unywele mmoja mfupi, uliojisokota.

Leokadia aliutazama unywele ule kwa muda mrefu.

Alikuwa mkemia mkuu wa kiwanda cha Upepo Mwema, nje kidogo ya mji wa Singida, mahali ambapo mapanga ya mitambo ya upepo hufinyangwa kwenye kalibu zenye urefu wa mita sitini. Juu ya ukingo wa bonde ilisimama minara mia mbili na arobaini, na kila mnara ulibeba mapanga matatu. Hospitali, pampu za maji, vinu na maghala ya baridi ya mkoa mzima yalitegemea kuzunguka kwake. Kazi ya Leokadia ilikuwa moja tu, kuhakikisha mapanga hayavunjiki.

Na mapanga ya zamani yalikuwa yakivunjika. Resini ya epoksi, gundi inayofinyangwa kuwa panga, ikishapikwa huwa ngumu sana, na ugumu huo ndio ugonjwa wake. Haijui kunyumbuka. Ufa ukianza mahali, mdogo kama unywele, hukimbia moja kwa moja mpaka upande wa pili kama unavyokimbia kwenye kioo. Dawa yake ilijulikana tangu zamani: unachanganya mpira wa majimaji ndani ya resini kabla ya kuipika. Joto likipanda, mpira hujitenga na kuwa vitone vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, vilivyotawanyika ndani ya ule ugumu. Ufa ukija mbio, hukutana na kitone. Kitone huvutika, hunywa nguvu yake, na ufa huishia hapo.

Lakini mpira wenyewe ulikuwa umekwisha duniani. Ule wa petroli ulipigwa marufuku Leokadia akiwa bado mwanafunzi. Miti ya mpira ya Muheza ililiwa na ukungu, shamba moja baada ya jingine, mpaka vikabaki visiki vyeusi. Ndipo yeye mwenyewe, miaka sita iliyopita, alipochukua maelekezo ambayo mti hutumia kutengeneza utomvu na kuyatia ndani ya seli za tezi la maziwa la panya. Seli zikaanza kutoa mpira. Walizikuza ndani ya matangi ya chuma, zikatoa mpira wa mabonge, usio na mpangilio, ambao uliwasaidia kidogo tu.

Kisha, miezi minne iliyopita, yakaanza kuja mapipa haya. Mkurugenzi alisema kuna matangi mapya huko Msufini.

Leokadia alitengeneza kipande cha majaribio kwa utomvu wa pipa la saba, akakipika, akakifunga chini ya nyundo ya kilo tano inayoangushwa kutoka juu. Kwanza alipiga kipande cha resini tupu, kikatawanyika vigae mpaka ukutani. Kisha akapiga kile kipya. Nyundo iliruka. Kwenye kipande palibaki doa jeupe tu mahali ilipogonga, weupe ule unaoonekana vitone vya mpira vikishavutika na kushika. Alipiga mara ya pili na ya ishirini, doa likazidi kuwa jeupe na kipande hakikuvunjika.

Ulikuwa mpira mzuri kuliko wote aliopata kuugusa. Hapo ndipo alipoliendea kabati, kwa sababu aliwahi kuuona mzuri hivi mara moja tu, nao haukutoka kwenye tangi.

Kabatini kulikuwa na vijikaratasi vya kupimia matangi yasichafuliwe na ng'ombe, mbuzi au mikono ya wafanyakazi. Unachovya, unasubiri dakika tano, mistari inajitokeza: panya, ng'ombe, mbuzi, mtu. Matangi yao siku zote yalionyesha mstari wa panya, mweusi kama wino.

Alichovya na kusubiri. Mstari wa panya ulikuwa hafifu, kama mtu amepitisha penseli butu. Mstari wa mtu ndio uliokuwa mweusi.

Alivua glavu na kuzitupa. Halafu akanawa mikono, akanawa tena, akaendelea kunawa mpaka sabuni ikaisha, na bado utelezi ule aliuhisi katikati ya vidole.

*

Festo Mpinga, mkurugenzi wa Upepo Mwema, alikuwa akila ofisini. Mbele yake palikuwa na sahani ya kuku wa kienyeji, naye aliula mguu wa kuku kwa utulivu, akiuzungusha mdomoni kutafuta nyama ya mwisho.

"Karibu, Dokta. Keti. Umeshapata chai?"

Leokadia hakuketi. Aliweka kijikaratasi juu ya meza, kando ya sahani.

Mpinga alikitazama bila kuacha kutafuna. "Nilijua utagundua," alisema. "Nilishangaa tu kwamba imekuchukua miezi minne."

"Ni watu?"

"Ni wachangiaji."

"Nimeuliza kama ni watu, Mkurugenzi."

"Wanawake kumi na mmoja. Watu wazima, wenye akili zao. Wamesoma fomu na kutia sahihi. Wanakula vizuri, wanalala vizuri, muuguzi yupo. Kila asubuhi wanagemwa kidogo, dakika ishirini, basi." Alifuta mafuta kidevuni kwa kiganja, akaufuta mkono kwenye kitambaa. "Mama anayenyonyesha hutoa zaidi ya hapo."

"Umewapandikizia seli zangu."

"Seli za kiwanda. Ulizitengeneza hapa, kwa vifaa vya hapa. Na wewe ndiye uliyeandika kwamba kwenye tangi ni vivu na kwenye mwili wenye damu ya moto ni hodari. Mimi nilisoma tu."

"Basi ulisoma na habari ya panya."

"Nilisoma."

"Mwezi wa nane tangu niwatie seli, walianza kukakamaa. Seli hazikubaki kwenye tezi. Zilisafiri. Nilipowapasua nilikuta mpira kwenye mapafu, umeganda kwenye vijishimo vya hewa kama..." Alishindwa kumalizia, kwa sababu Mpinga alikuwa amechukua kipaja kingine cha kuku na ngozi yake ilikuwa ikivutika kati ya meno na vidole, ndefu na ya manjano, bila kukatika.

"Ninakumbuka ulivyoandika mwishoni," alisema Mpinga. "Nilikariri kabisa. 'Mpira ni bora. Madhara yahitaji utafiti zaidi.' Hukuandika 'hatari'. Wala hukuandika 'marufuku kwa binadamu'. Uliandika sentensi ya mtu anayetaka mlango ubaki wazi kidogo."

Ilikuwa kweli. Siku ile Leokadia alipoiandika aliliweka neno 'hatari', akaliangalia, akalifuta. Alihofia wangeifunga maabara.

"Sikiliza," Mpinga alisema, na sasa sauti yake haikuwa na kejeli. "Mwezi wa kumi pepo kubwa zinaanza. Zimebaki wiki sita. Kule juu kuna mapanga ya zamani zaidi ya mia saba, yamepasuka ndani, unayajua kwa namba zake. Ulikuwapo Mwanduwi. Uliwaona watu pale sokoni baada ya lile panga kumeguka. Ukikataa mpira huu, ama tunazima mitambo, mkoa unakaa bila umeme, watoto wanafia kwenye mashine za kupumulia. Ama tunaiacha izunguke na tunangoja Mwanduwi nyingine. Kumi na mmoja kwa mkoa mzima. Wewe ni msomi, niambie tufanye nini."

"Wameambiwa habari ya panya?"

Mpinga aliusukuma mfupa pembeni ya sahani. "Panya si mtu," alisema.

*

Msufini palikuwa na kinu cha zamani cha mafuta ya alizeti, mwendo wa saa moja kwa gari. Leokadia alifika asubuhi ya siku ya pili na kitambulisho chake cha kiwanda, na mlinzi hakumwuliza neno.

Ndani bado kulinuka mashudu, na juu ya harufu ya mashudu ilitanda ile nyingine, maziwa na kwapa, nzito kiasi kwamba aliihisi kwenye ulimi. Vitanda kumi na kimoja vilipangwa ukutani. Wanawake walikaa vitandani, kila mmoja ameinua mkono wa kushoto na kuuweka juu ya kigoda chenye mto. Muuguzi aliyevaa aproni ya plastiki alipita kitanda hadi kitanda na kijisu kifupi. Alichanja mkato mmoja wa mshazari chini ya mkato wa jana, kama wagema wa Muheza walivyokuwa wakiichanja miti, kisha akaning'iniza kikombe cha bati chini ya kiwiko. Ukatoka kwanza mstari mwembamba wa damu. Halafu ukaja weupe, tone kwa tone, na ndani ya bati ulisikika ukidondoka.

Mwanamke wa kitanda cha kwanza alikuwa na miaka kama hamsini. Alijifunga kitenge cha kijani, na mkono wake wa kulia, uliokuwa huru, ulikuwa ukichambua mchele kwenye ungo aliouweka magotini.

"Shikamoo, mama," alisema Leokadia.

"Marahaba. Wewe ni mgeni. Daktari?"

"Si daktari wa watu. Naitwa Leokadia. Nafanya kazi kiwandani, kwenye maabara."

"Mimi Zaituni. Zaituni Mughwai. Kaa hapo kitandani, kigoda kimeshachukuliwa na mkono wangu." Alicheka kidogo. Wengine nao wakacheka, na kicheko chao ndicho kilichomtisha Leokadia zaidi ya vikombe.

"Naweza kuutazama mkono?"

"Tazama. Kila mtu anautazama."

Tezi lilianzia kwapani likashuka mpaka karibu na kiwiko, kubwa kama kiazi kitamu, ngozi imevutika juu yake ikang'aa. Mikato ya zamani ilikuwa imefunga kwa makovu meupe, laini, yasiyofanana na kovu la mtu. Leokadia aliweka vidole juu yake. Lilikuwa la moto. Lilijisogeza chini ya vidole, polepole, kama kitu kinachogeuka usingizini, na utomvu ukabubujika kwenye mkato ukamgusa kidole gumba.

Aliuondoa mkono haraka na kuupangusa kwenye sketi.

Zaituni aliliona hilo. Vidole vyake viliacha kuchambua mchele.

"Nani alikwambia uje huku, mama?" Leokadia aliuliza, akijilazimisha kutotazama sketi yake.

"Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa na binti, Siwema. Alikuwa akiuza vitunguu soko la Mwanduwi. Siku lile panga lilipomeguka kule juu, kipande kilishuka kama shoka. Niliambiwa nisimwangalie, nikamwangalia." Aliyasema kwa sauti ileile ya kusimulia bei ya mchele. "Baadaye wakaja watu wa kiwanda. Wakatueleza kuwa chuma hicho, sijui resini, kina ugumu wa kijinga, kinahitaji kulainishwa ndani. Wakasema dawa inaota kwa mtu. Nikauliza, nikitoa mimi, yataacha kuanguka? Wakasema yataacha. Je, walinidanganya?"

"Hapo hawakudanganya."

"Basi."

"Mama, vidole vya mkono huu vikoje ukiamka asubuhi?"

Zaituni alimtazama. "Vimekaza. Mpaka nivioshe kwa maji ya moto."

"Kifua?"

Mwanamke wa kitanda cha pili, mwembamba, kijana kuliko wote, aliyeitwa Nyamwiru, alikohoa kana kwamba ameulizwa yeye. Kikohozi chake hakikuwa na makohozi. Kilikuwa kikavu na kifupi, chenye mlio kama wa mpira unaosuguliwa.

Leokadia alisimama katikati ya chumba akawaambia. Aliwaambia kwamba seli hizo alizitengeneza yeye. Kwamba aliwatia panya arobaini, na mpira wao ulikuwa mzuri, na katika mwezi wa nane wakakakamaa. Kwamba waliokatwa tezi mapema, wengi walipona, na waliosubiri wote walikufa kwa kukosa pumzi. Kwamba aliandika ripoti na neno moja alilopaswa kuliandika akalifuta. Muuguzi alitoka mbio nje, simu sikioni. Hakuna mwingine aliyesogea. Vikombe viliendelea kudondokewa.

"Mimi nina mwezi wa saba tangu wanipandikize," alisema Nyamwiru. Alisema polepole, akihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, kisha akarudia tena kuhesabu.

Zaituni ndiye aliyeinuka. Aliweka ungo chini, akaondoa kikombe kwenye kiwiko chake na kukimimina sakafuni. Utomvu ulitandaa taratibu juu ya saruji ukafika kwenye viatu vya Leokadia, naye safari hii hakuthubutu kurudi nyuma.

"Yule mkurugenzi ameniua akinitabasamia," alisema Zaituni. "Hilo nitalishughulikia. Lakini wewe umenigusa ukajifuta. Umekitengeneza mwenyewe, kikaota kwangu, halafu kinakutia kinyaa. Kipi kinakutia kinyaa, binti? Mimi, au wewe?"

Leokadia alitoa funguo za gari mfukoni.

"Gari lako linabeba watu wangapi?" Zaituni aliuliza.

"Watano. Tukibanana, saba."

"Wenye kikohozi kwanza. Nyamwiru, funga mkono, tunaondoka."

*

Wote kumi na mmoja walifika hospitali ya mkoa kabla ya saa nane mchana, kwa safari mbili, na mlinzi hakuwazuia. Kutoka hapo Leokadia alikwenda moja kwa moja polisi na ripoti yake ya panya, ukurasa wa mwisho ukiwa juu. Afisa aliyempokea alisoma, akamwuliza kama anajua kwamba anajishitaki na yeye. Akasema anajua.

Mpinga alikamatwa siku ya tatu. Kiwanda kilifungwa. Na kwa kuwa hapakuwa tena na njia ya kubadilisha mapanga yaliyopasuka, Leokadia alitia sahihi karatasi ya mwisho aliyoruhusiwa kutia kama mkemia mkuu, akaagiza breki zifungwe kwenye minara yote kabla ya mwezi wa kumi. Pepo zilikuja kwa nguvu isiyoonekana kwa miaka mingi, na mapanga yalisimama tu yakitetemeka. Hakuna lililomdondokea mtu.

Lakini mkoa ulizimika. Hospitali ilipewa umeme wa akiba saa sita kwa siku. Maghala ya baridi yalizimwa na nyama ikaoza, mpaka uvundo wa mji ukafika barabara kuu. Mwanamke mmoja alimtambua Leokadia kwenye foleni ya maji akamtemea mate begani. Mtoto wake alikuwa amefariki kwenye saa zile zisizo na umeme. Leokadia hakuyafuta mate yale mpaka alipofika nyumbani.

Wanawake tisa walipona. Madaktari walikata matezi na misuli iliyoyazunguka. Nyamwiru alifariki siku ya kumi na mbili, na mwingine mmoja baada yake. Daktari wa upasuaji alimwita Leokadia amwonyeshe kilichotoka kwenye pafu la Nyamwiru, kwa sababu hakuwa amewahi kukiona na alitaka kujua jina lake. Kilikuwa kama mti mdogo mweupe usio na majani, matawi yake membamba kuliko uzi. Daktari alikivuta kwa koleo na kukiachia, kikajirudi.

"Kinaitwaje?"

"Mpira," alisema Leokadia. "Hakina jina jingine."

*

Yalibaki mapanga matatu.

Ndiyo pekee yaliyotengenezwa kwa utomvu wa Msufini, yamekamilika kabla ya kiwanda kufungwa, yamelala kwenye karakana yakingoja mnara. Matatu yanatosha kuzungusha mtambo mmoja, na mtambo mmoja, ukiwa ule ulio karibu na mji, ungetosha kuiendesha hospitali saa ishirini na nne. Tume iliyoundwa kuchunguza jambo lile haikutaka kubeba uamuzi. Iliandika kwamba wenye miili yao waseme, na kwamba Dk. Ntandu, ambaye kesi yake ilikuwa bado, atatekeleza.

Leokadia alitaka kuyasaga. Mashine ya kusagia ilikuwapo, na alikuwa ameshaipaka mafuta mwenyewe. Kila alipoingia karakana aliyaona yale mapanga laini, meupe, marefu kama mikono, na koo lilimjaa maji machungu.

Kaka yake Nyamwiru alifika kwanza, kutoka kijijini, amevaa koti la msiba. Alitembea pembeni ya panga la kwanza mpaka mwisho, mita sitini, kisha akarudi.

"Dada yangu yuko wapi hapa?" aliuliza. "Nionyeshe."

"Siwezi, kaka. Utomvu wao wote ulichanganywa. Yupo kila mahali, matone madogo ambayo jicho haliyaoni."

Yule mtu aliweka kiganja juu ya panga, akakiacha hapo muda mrefu, akaondoka bila kusema lifanywe nini. Alimwachia Zaituni ujumbe kwamba amsemee.

Zaituni alikuja siku iliyofuata. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa, umekonda, vidole vimejikunja. Leokadia alimletea kiti. Zaituni alikitazama, akakaa juu ya kreti la bolti.

"Wenzangu sita wanataka yapandishwe," alisema. "Wawili wanataka yafukiwe kama maiti. Kaka yake Nyamwiru ameniachia mimi. Na ile familia nyingine haitaki kusikia habari zetu kabisa."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nataka kujua kama yatavunjika."

"Hayatavunjika."

"Miaka mingapi?"

"Arobaini. Huenda zaidi. Sijawahi kuona resini kama hii."

Zaituni aliitikia kwa kichwa taratibu. "Basi yapandishe."

"Mama, siwezi." Leokadia alisikia sauti yake ikipanda na hakuweza kuishusha. "Nikiyapandisha, watasema kumbe ilifaa. Mwingine atakuja na fomu nyingine, na watu wengine kumi na mmoja, na atanyoosha kidole kule juu aseme, tazama, linazunguka. Kitu kilichopatikana hivi hakifai kumfaa mtu yeyote. Ni uchafu. Nikiyatazama tu natamani kujichuna ngozi."

"Nani atakuja na fomu? Seli ziko wapi?"

"Nilizichoma zote. Na maandishi ya kuzitengeneza nimeyachoma."

"Na kichwa chako je?"

"Kichwa changu kinakwenda gerezani."

"Basi mwenye fomu atakuja na nini?" Zaituni alijisogeza kwenye kreti, akaupakata mkono mbovu kwa mkono mzima. "Nisikilize. Mkono huu hautalima tena. Siwema yuko kaburini. Nyamwiru alikuwa anaogopa sana kile kijisu, ulijua hilo? Alikuwa anafumba macho na kuimba. Kila asubuhi, miezi minne, anaimba. Sasa kuna watu wodini kule, nimewaacha asubuhi hii, wanapumua kwa kupokezana mashine. Mimi niliyalipia yale mapanga, na wewe unataka kuyasaga ili tumbo lako litulie."

"Yananichefua, mama. Sitaki kukudanganya. Nikilishika panga lile, nitatapika."

"Basi tapika, mwanangu," alisema Zaituni. "Halafu ulifunge."

Leokadia aliuliza kama waandike majina, yote kumi na moja, kwenye shina la panga.

"Usiandike," Zaituni alisema. "Watakuja kupiga picha."

Ilichukua siku nne kuyafikisha juu ya ukingo. Siku ya tano, upepo ulipotulia kabla ya saa sita mchana, kreni iliinua panga la kwanza na Leokadia akapanda ngazi ya ndani ya mnara na mafundi wawili, mkanda wa usalama kiunoni. Hakuwa amewahi kupanda. Kazi yake siku zote ilikuwa maabara. Shina la panga lilikuja taratibu mpaka kwenye kitovu cha mtambo, likaingia mahali pake, na jua lilipolipiga resini ikapata joto. Ikatoa harufu. Ilikuwa hafifu, lakini alikuwa ndani ya kijumba cha chuma kisicho na dirisha, na hapakuwa na pa kuikimbilia.

Alivua kofia yake ngumu akaitapikia. Alitapika mpaka tumbo likawa halina kitu, na mafundi wakageuza nyuso zao. Halafu akapangusa mdomo kwa mkono wa ovaroli, akaweka kiganja juu ya shina lile la moto ili kujishikiza, na hakukiondoa.

"Spana," alisema.

Bolti zilikuwa sabini na mbili kwa kila panga. Alizikaza mwenyewe, moja baada ya nyingine, mapanga yote matatu, na kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Zaituni alikaa chini kwenye nyasi siku zote mbili, amejifunika kanga kichwani kwa ajili ya jua. Bolti ya mwisho ilipokaza, Leokadia alichungulia kwenye mlango mdogo wa sakafuni, akainua mkono, na kule chini fundi akaachia breki.